Mwanga wa Ubavuni

Storbacka, 9 Januari 2008
(Hii siitumi. Inakaa ndani ya daftari la hesabu.)

Mjomba Holger,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Jumatatu nilimfunga Bibi kwenye kiti. Mimi, si Mama.

Mama alikuwa ameshavaa koti, gari linanguruma uani, theluji imefika kwenye magurudumu. Akaniambia, "Disa, leo mfunge wewe, vidole vyangu vimekufa ganzi." Nikachukua mshipi wa gauni la kuogea la Bibi, nikauzungusha kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto na kwenye mkono wa kiti, nikakaza. Bibi akanitazama, akatabasamu. "Unafunga vizuri, binti. Umeajiriwa hapa siku nyingi?" Nikamjibu, "Siku nyingi kidogo, Bibi." Kisha nikapanda basi la shule, nikafanya mtihani wa hesabu, nikapata tisa juu ya kumi.

Unajua alivyotoka Novemba na soksi tu, akitafuta ng'ombe waliouzwa kabla sijazaliwa. Unajua dereva wa greda la theluji alimkuta mtaroni, na hospitali wakamkata vidole viwili vya mguu. Hayo Mama alikusimulia kwenye simu. Usichojua ni kwamba tangu hapo, Mama akienda kuchuma nyanya kwenye nyumba za vioo zenye joto na mimi nikienda shule, Bibi hufungwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hakuna mwingine nyumbani. Mama akirudi humfungua kwanza, kabla hata ya kuvua viatu. Humwosha, humpaka mafuta, humwimbia nyimbo za kanisani. Kesho yake hukaza tena. Ule mkono sasa una alama nyekundu iliyouzunguka kama bangili, na mahali pamoja pamechimbika.

Afisa wa wazee wa manispaa huja mara tatu kwa mwaka, na hupiga simu kwanza. Alipokuja kabla ya Krismasi, Mama alimvalisha Bibi sweta la mikono mirefu, akatandika kitambaa cheupe, akapika kahawa. Yule mama wa manispaa akanigeukia: "Na wewe Disa, mambo yanaendaje hapa nyumbani?" Nikasema, "Vizuri." Neno moja tu, nalo la uongo. Wewe unanijua. Mgeni akiniuliza kitu, kusema siwezi.

Anarudi Aprili. Najua hata hapo sitaweza kusema. Ndiyo maana nataka kamera. Picha haina kigugumizi.

Disa


Storbacka, 9 Januari 2008

Shikamoo Mjomba,

Habari za Turku? Sisi hatujambo. Theluji nyingi. Mama anakusalimu.

Najua baba wa ubatizo, kama wewe kwangu, hutoa zawadi siku ya kipaimara, na kipaimara changu ni Juni. Lakini naomba, kama si ukosefu wa adabu, unipe yangu mapema. Nataka kamera ya dijitali. Wewe unauza kamera tangu sijazaliwa, kwa hiyo chagua wewe, ila iwe hivi: isipige kelele, isitoe mwanga, ifanye kazi ndani mahali penye giza giza, na picha ijulikane ilipigwa siku gani. Tena ionyeshe vitu vidogo vidogo.

Ni kwa ajili ya bundi. Yupo mmoja ghalani.

Mpwa wako,
Disa


Turku, 15 Januari 2008

Marahaba, bibi bundi!

Miaka kumi na mitano nasubiri mtu wa ukoo huu aniulize swali la kamera, na leo limekuja. Gunvor, mama yako, hata betri ya saa hubadilishiwa. Kaa chini basi, Mjomba akupe somo.

Ukienda dukani, muuzaji atakuimbia megapikseli, yaani wingi wa nukta za picha. Mwache aimbe. Megapikseli nyingi kwenye kijikamera cha mfukoni ni kama watu arobaini ndani ya sauna ya watu wanne: wapo wote, lakini hakuna anayepumua. Ukipiga penye giza, picha inajaa chenga kama pilipili. Wewe unataka kamera kubwa, yenye lenzi ya kutoa na kuweka. Hapa dukani ipo moja ya mwalimu mstaafu, aliitumia mwaka mmoja kisha macho yakamsaliti. Imetunzwa kama yai. Nimekuwekea.

Lenzi: ile ya milimita hamsini, isiyovuta wala kusukuma. Ukitaka kusogea, sogea kwa miguu yako. Inakunywa mwanga kuliko lenzi zote za bei yake, kwa hiyo flashi hutaihitaji, na flashi ni ya polisi na maharusi walevi. Kelele: italia "klap" kidogo, hilo halina dawa, funika na skafu. Tarehe usihangaike nayo. Kamera huiandika yenyewe ndani ya kila picha, saa na dakika, ilimradi uiweke sawa siku ya kwanza.

Vifaa vingine: betri mbili, moja ikae kwapani, maana baridi ya kwenu huua betri kabla hujasema bundi. Kadi mbili za kumbukumbu. Stendi ya miguu mitatu, si ile ya plastiki inayotetemeka kama mimi mbele ya mchungaji. Na mfuko wa nailoni: ukitoka ghalani, ifunge kamera humo kabla ya kuingia ndani, iache saa nzima ipate joto polepole, ama sivyo lenzi itatoa jasho.

Bibi ananikumbuka? Krismasi aliniita kwa jina la babu yako.

Mjomba Holger


Storbacka, 24 Januari 2008

Shikamoo Mjomba,

Asante sana. Nimesoma barua yako mara nne.

Bibi anakukumbuka siku nyingine. Jana alisema una masikio makubwa.

Swali moja. Ukitaka kupiga gome la mti, lile lenye mikunjo na mifereji, ufanyeje ili mifereji ionekane kweli, si rangi tu? Nimejaribu na simu ya Mama, gome linatoka laini kama karatasi.

Disa


Turku, 30 Januari 2008

Mpwa wangu,

Masikio yangu yametokana na yeye mwenyewe, mwambie hivyo.

Swali lako ni la fundi. Jibu ni mwanga wa ubavuni. Mwanga ukitoka mbele, unajaza kila shimo, kila kitu kinakuwa laini. Ukitoka ubavuni, kutoka dirishani, jua likiwa chini, kila mkunjo unatupa kivuli chake. Zima taa ya darini. Weka gome karibu na dirisha, simama wewe pembeni, stendi chini, pumzi shika. Mwanga wa ubavuni hauna huruma, unasema kila kitu. Kwa gome ni sawa. Kwa mwanamke mzee usithubutu! Nimewahi kumpiga mke wa daktari hivyo, akarudisha picha na mwavuli mkononi, nikajua mwavuli si wa mvua.

Na tukitaja wazee: Bibi anatimiza themanini na mitano tarehe mbili Machi. Gunvor amenipigia, anataka picha ya gazetini kama ilivyo desturi. Nikamwambia mpiga picha wa ukoo sasa ni Disa. Mpige yeye, ndiyo iwe kazi yako ya kwanza. Nitumie kadi kwa posta, mimi nitachagua moja, niisafishe kwenye kompyuta kama tunavyosafisha zote, kisha nitaipeleka gazetini mwenyewe. Hakuna sura inayotoka kwenye studio hii bila kusafishwa. Chunusi, mate, uzi kwenye kola, vyote huondoka.

Kifurushi kimetoka leo.

Holger


Storbacka, 17 Februari 2008

Shikamoo Mjomba,

Kamera imefika. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Siku mbili za kwanza niliishika tu.

Kadi iko ndani ya bahasha hii, nimeizungushia pamba. Nilipiga Ijumaa. Mwalimu aliugua, nikarudi nyumbani saa sita, Mama alikuwa bado kazini. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, jua likiwa chini, juu kidogo ya ghala. Nilizima taa ya darini kama ulivyosema.

Alipoona stendi akauliza, "Unapima ardhi?" Nikamwambia napiga picha ya gazetini. "Nimekufa?" Nikasema hapana, Bibi, ni siku yako ya kuzaliwa. Akasema, "Basi ngoja nikae vizuri," akaweka mikono yote miwili mapajani, wa kushoto juu. Mimi sikumpanga. Alijiweka mwenyewe.

Zipo thelathini na nane. Tafadhali, Mjomba, itazame namba thelathini na moja. Itazame vizuri. Ikuze uwezavyo. Wewe una jicho kuliko watu wote ninaowajua, na mimi kusema siwezi, unanijua.

Bundi hajaonekana.

Disa


Turku, 25 Februari 2008

Mpendwa Disa,

Picha nzuri sana. Una mkono. Nimechagua ile ile namba thelathini na moja, sura imetulia. Mwanga ulikuwa mkali kidogo, nimeulainisha. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na vivuli vibaya, nimevisafisha, kazi ya dakika kumi. Nimeshaipeleka gazetini.

Kadi yako hii hapa, pamoja na kitambaa cha kufutia lenzi. Usifute kwa shati.

Duka lina shughuli nyingi, Machi sitaweza kuja.

Holger


Storbacka, 3 Machi 2008

Mjomba,

Jana gazeti lilikuja. Ukurasa wa kumi na moja, safu ya juu. Bibi ni mzuri. Mikono yake ni myeupe na laini kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Chini Mama aliandikisha maneno yale yale ambayo watu wote huandika wasipotaka wageni: "Siku hiyo amesafiri."

Unajua alikuwa wapi. Hapana, ngoja nikuambie mimi, maana nimechoka kukuacha ukisie. Siku yake ya kuzaliwa iliangukia Jumapili. Nyanya hazijui Jumapili, Mama alikuwa na zamu hadi saa tisa. Nikamwambia niache nikae naye, leo hamna shule. Akasema, "Mwezi uliopita ulisinzia, nikamkuta ameshika kitasa cha mlango. Siwezi kumwokota mtaroni tena, Disa. Siwezi." Akakaza mwenyewe. Ndipo akamfungulia gazeti mapajani ili apate kitu cha kutazama.

Bibi akanyoosha kidole. "Nani huyu?"

"Ni wewe, Mama," akasema Mama.

"Wameandikaje?"

"Wameandika umesafiri."

Bibi akafikiri. "Nimekwenda wapi?"

"Mbali kidogo."

"Na nani?"

Mama akafunga zipu ya koti lake, akatoka. Nilimwona kwenye gari, amekaa, hajawasha. Alikaa muda mrefu sana. Kisha akawasha.

Nilitaka kumfungua. Nilishika fundo. Nikawaza lile greda la theluji, nikaliacha. Nimekaa naye kwa muda wa saa nane na sikumfungua, Mjomba. Hilo pia liandike mahali.

Sasa nisikilize. Mtu hawezi kufuta kitu asichokiona. Ulikaa dakika kumi na ule mkono, ukiwa umeukuza mkubwa kama sinia, ukafuta mstari baada ya mstari. Hukusema "Disa, hii ni nini?" Ulisema vivuli. Hamna bundi. Hakujawahi kuwa na bundi. Kuna mshipi wa gauni la kuogea, ambao siku ya picha niliufungua kwanza, na tangu Novemba anafungwa kila siku ya kazi, na Januari mmoja wa waliofunga ni mimi.

Yeye ni mama yako. Nimwandikie nani mwingine?

Disa


Turku, 12 Machi 2008

Disa,

Nimeandika barua hii mara tano.

Niliona. Na si mara ya kwanza. Krismasi, nilipokuja kwa saa nne zile, niliona mshipi umening'inia kwenye mkono wa kiti, fundo likiwa bado halijafunguliwa upande mmoja. Nilimtazama Gunvor, naye akanitazama. Nikasema, "Kahawa nzuri." Akasema, "Chukua na keki." Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi wawili.

Mzee, babu yako, alipokufa, mama yako na mimi tuliketi kwenye meza hiyo hiyo. Bibi alimshika Gunvor mkono akamwapisha asimpeleke kwa wageni kamwe. Mimi hakuniapisha. Nilifurahi, Disa. Nilipanda treni nikafurahi. Nilijua kwamba siku nitakayofungua mdomo kuhusu Bibi, Gunvor atauliza swali moja tu: "Basi unamchukua lini?" Nami naishi vyumba viwili juu ya duka, na kila siku nina sababu mpya.

Ile picha ilipofunguka kwenye kioo cha kompyuta, mkono wangu ulianza kusafisha kabla akili haijaamua. Ni miaka thelathini ya kazi. Ukiona alama, unaifuta. Nilipofika katikati nilijua ninachofanya. Nikamaliza.

Sasa nakuomba, na najua sina haki. Usimwonyeshe picha yule afisa wa wazee ambaye Gunvor anasema atakuja Aprili. Huenda wakampeleka mama yako polisi. Bibi watampangia kitanda mji wowote wenye nafasi, hata kwa watu wasiojua Kiswidi, lugha yetu ya nyumbani, na yeye Kifini chake kimeshapotea. Nipe hadi kiangazi. Nitaongea na Gunvor taratibu, nitatafuta namna. Zile kadi mbili, zifute, uanze upya. Piga ndege. Una mkono kweli, hilo sikudanganya.

Holger


Storbacka, 13 Aprili 2008

Kwa Bi Marketta Ylinen, Huduma za Wazee

Utakuja kesho saa nne; bahasha hii nitaiacha ofisini kwako asubuhi na mapema. Mama ameshanunua keki. Bibi atakuwa na sweta la kijivu. Nakuomba uvute mkono wa kushoto wa sweta hilo hadi kwenye kiwiko. Kama utasahau yote niliyoandika hapa, usisahau hilo.

Ndani ya bahasha kuna picha kumi na moja, kuanzia Februari hadi juzi. Nimezichapa maktaba ya shule. Nyuma ya kila moja nimeandika siku na saa, na kadi yenyewe ipo, mtaalamu anaweza kukagua. Hazijasafishwa. Ya tisa utaona mahali palipochimbika pametoa usaha. Hapo ndipo niliposema na nafsi yangu kwamba kiangazi ni mbali. Mjomba Holger hajapiga simu. Nilisubiri mwezi mzima, kila Jumapili.

Mimi pia nilimfunga, tarehe saba Januari. Kama kuna fomu ya waliofanya, jina langu liandike: Disa Nordlund, miaka kumi na mitano. Na kabla ya Krismasi uliponiuliza mambo yanaendaje nikakuambia vizuri, nilikudanganya.

Mama si mtu mbaya. Naomba uliandike hilo kwa kalamu, si penseli. Huamka saa kumi alfajiri. Usiku hulala kitanda kimoja na Bibi, mguu juu ya mguu, ili amsikie akiinuka. Alikuombeni mtu wa mchana mara mbili, mkamjibu kuna foleni, halafu akaacha kuomba. Hajui tena namna nyingine. Siku moja nilimkuta jikoni amejifunga ule mshipi mkononi mwake mwenyewe, anauvuta, anajaribu kujua unauma kiasi gani. Aliponiona akasema, "Hauumi sana." Hakuniangalia.

Sijui mtamfanya nini. Labda mtatutenganisha wote watatu na itakuwa kazi yangu. Mjomba anasema hivyo, na huenda ni kweli. Lakini mkono wa Bibi hauwezi kungoja watu wazima wapate ujasiri, na mimi nimengoja nao vya kutosha.

Barua hii niliianza kwa Kifini, lugha ya baba yangu, aliyehamia Tampere nikiwa na miaka tisa. Ni lugha yako pia, na Mama hupotea ndani yake baada ya mistari miwili. Nilifika nusu ukurasa. Kisha nikaona ninachofanya: najificha nyuma ya lugha, kama wengine wanavyojificha nyuma ya kahawa. Nimeichana. Hii nimeiandika kwa Kiswidi ili akiiona aweze kuisoma yote. Samahani kwa usumbufu wa kutafuta wa kukufasiria.

Kesho ukiniuliza, huenda nitanyamaza tena. Usidhani nimebadilisha mawazo.

Disa Nordlund

Mama anapanda ngazi. Anakwenda polepole, vikombe vinagongana, kwa hiyo ana sinia. Ananiletea andazi la mdalasini kabla halijapoa, kama kila Jumapili. Picha bado sijazitia kwenye bahasha, ziko kitandani, zote kumi na moja, zimeangalia juu. Nimeshika ukingo wa karatasi hii kuigeuza, halafu nimeuachia. Anagonga kwa ncha ya kiatu, maana mikono imejaa.

"Disa? Nifungulie."

Nakwenda kufungua.